Mjomba, Pirates wangu na Coastal yako ugonjwa ni mmoja

Pittsburgh, Novemba 2025

Assalam aleykum mjomba, shikamoo.

Mi mzima alhamdulillah, baridi ndo imeanza kubana, kazi ya usiku hospitalini inaendelea kama kawaida, na hela ya dawa za bibi nilituma juzi naamini imeshafika. Msalimie mama na wote hapo nyumbani. Sasa nimetoka zamu, saa kumi na mbili asubuhi, ilibidi nilale lakini silali mpaka nikujibu, maana ile sauti uliyonitumia WhatsApp nimeisikiliza mara tatu, unauliza huo mpira wa marungu, besiboli, una nini mpaka mtu mzima unakesha nao. Jibu lake refu ndo maana nikanyamaza muda wote huu. Binti yako akusomee taratibu.

Kwanza nikueleweshe kidogo. Kuna jamaa anasimama katikati anarusha mpira, huyo ni pitcha, mwingine anamsubiri na gongo mkononi aupige. Ukishaupiga unakimbia kuzunguka vituo vinne, ukirudi pale ulipoanzia bila kutolewa ndo bao. Raundi tisa. Ukiupiga ukavuka ukuta moja kwa moja unazunguka kwa raha zako, hiyo wanaita homurani. Mengine utayajua ukija huku inshallah, nitakukalisha PNC Park upande ule unaoona mto na lile daraja la njano, na naapa utasahau kama hujui sheria.

Timu yangu ni Pittsburgh Pirates na mjomba hii ni Coastal Union yetu ya Tanga kabisa. Coastal walibeba ligi 1988 na mpaka leo ukikaa kijiweni unahadithia mwaka ule kama jana. Hawa wamebeba ubingwa mara tano, wa mwisho 1979, mi hata sijazaliwa. Afu kuanzia 1993 mpaka 2012, misimu 20 mfululizo, kila mwaka wanamaliza na vipigo vingi kuliko ushindi, ishirini mjomba! 2013 wakaamka, wakaingia mtoano miaka mitatu, 2015 wakatolewa na Chicago Cubs na toka siku hiyo mtoano tunauona kwenye tivii tu. Nilipofika mji huu nikawakuta wazee pale kazini wanazungumzia timu kwa ile sauti unayotumia wewe ukitoka uwanjani Mkwakwani tumefungwa, mtu amekasirika lakini Jumamosi atarudi. Ndo nikajikuta nimeshanasa.

Wiki hii kijana wetu Paul Skenes, miaka 23, kapewa Cy Young, ndo tuzo ya pitcha bora wa National League, yaani nusu ya ligi yote, na wapigakura wote 30 walimweka namba moja hakuna hata mmoja aliyekataa. Mpira wake unapita kilomita 155 kwa saa na bado unakata kona mwishoni. Kwa wastani alikuwa anaruhusu chini ya mabao mawili kwa raundi tisa, 1.97 ndo namba yenyewe, mwaka jana 1.96. Sasa sikiliza kinachoniuma. Huku pitcha anaandikiwa ushindi na kipigo kwa jina lake, na huyu bora kuliko wote kaandikiwa ushindi 10 na vipigo 10. Kumi kwa kumi! Kwa nini? Kwa sababu wenye magongo hawapigi. Timu 30 ligi nzima na hakuna iliyopata mabao machache kuliko sisi, 583 msimu mzima, tukamaliza tumeshinda 71 tumefungwa 91. Ni kama una kipa anadaka mpaka penalti halafu washambuliaji wako hawajui goli liko upande gani, na yule kipa mechi ikiisha anapita mbele ya mashabiki kichwa chini kana kwamba kosa lake. Mi nilikuwa namwangalia anavyorudi kukaa baada ya raundi ya saba, hajaruhusu kitu, ubao unasoma sifuri kwa sifuri, na roho inaniuma kama ndugu yangu.

Sasa uongozi. Mwenye timu anaitwa Bob Nutting, anaishika toka 2007. Meneja mkuu, yule anayenunua na kuuza wachezaji, ni Ben Cherington, yupo toka mwisho wa 2019. Mwezi wa tano mwaka huu mambo yalipoharibika wakamfukuza kocha, Derek Shelton, wakamweka Don Kelly, mtoto wa hapahapa. Mi sina neno na Kelly, tulicheza vizuri kidogo chini yake. Lakini mjomba wewe ndo uliniambia, kocha anapika na alichopewa jikoni, ukimpa maji na chumvi usimdai biriani. Kumfukuza kocha ni rahisi na hakugharimu sana, kununua mpigaji wa maana ndo gharama, na hiyo gharama mwenye timu hataki kuiona. Huku hakuna kiwango cha juu cha mishahara, kila timu inatoa inavyoweza, Los Angeles Dodgers wamempa Mjapani mmoja, Shohei Ohtani, mkataba wa dola milioni 700, na sisi mpaka 2025 mkataba mkubwa katika historia nzima ya klabu ulikuwa wa Bryan Reynolds, milioni 106 na kitu. Siombi tuwe Dodgers. Naomba tupate wapigaji wawili tu, wawili.

Kwenye kuuza wachezaji ndo nina donda. Mwaka 2018 peke yake wametuuza mpaka tukachoka. Januari wakamtoa Gerrit Cole, pitcha, akaenda Houston na huko akawa simba. Siku chache baadaye wakamtoa Andrew McCutchen ambaye mji mzima ulikuwa unavaa jezi yake. Halafu Julai, siku ya mwisho ya kubadilishana wachezaji, wakafanya ile ambayo ukiitaja hapa mtu anaweka kikombe chini. Walimtaka pitcha wa Tampa Bay, Chris Archer, wakatoa vijana watatu, Tyler Glasnow, Austin Meadows na Shane Baz. Vijana watatu kwa mtu mmoja ambaye siku zake nzuri zilikuwa zimeshapita. Archer alikaa hapa misimu miwili ya tabu, wa tatu akaumia hakucheza kabisa, akaondoka. Meadows mwaka uliofuata tu akaitwa timu ya mastaa wa ligi.

Na Glasnow, mjomba, sikiliza. Juzi tarehe 31 Oktoba, fainali mechi ya sita, Dodgers na Toronto, niko chumba cha mapumziko kazini na wenzangu wawili, raundi ya tisa, Toronto wana watu wawili vituoni hawajatolewa hata mmoja, Dodgers wanamwingiza nani, Glasnow. Karusha mipira mitatu, mitatu tu, mchezo umekwisha, na kesho yake wakachukua ubingwa. Wale wenzangu wanashangilia mi nimekaa kimya namwangalia kijana tuliyemlea sisi anakumbatiwa na watu wengine.

Lakini sitaki uelewe vibaya, mi si wale wanaosema kuuza ni dhambi. Timu ndogo lazima iuze, hilo tumelijua toka Tanga. Bakari Mwamnyeto alitoka Coastal akaenda Yanga tukamwombea heri. Sopu je, unakumbuka 2022 fainali ya kombe pale Arusha, mtoto kawafunga Yanga matatu, mi niko huku nimeshika simu natetemeka, tatu tatu, tukafia kwenye penalti, na muda si mrefu Azam wakambeba. Nani atamlaumu? Hata Reynolds mwenyewe alipatikana kwa kumtoa McCutchen na leo ndo tegemeo. Tatizo langu ni kuuza bila kujua unajenga nini. Ukiuza ng'ombe ununue jembe sawa, ukiuza ng'ombe ukanunua ng'ombe mzee, hapo ndo nakukatalia. Julai hii wamemtoa Ke'Bryan Hayes, wakamtoa na David Bednar ambaye kazaliwa na kukulia hukuhuku akaenda New York Yankees, na tulichorudishiwa karibu chote ni vijana wadogo wa ligi za chini. Huenda wakawa wazuri baada ya miaka mitatu minne. Lakini Skenes mkataba wa kubanwa na klabu unaisha baada ya msimu wa 2029, hiyo miaka ndo yenyewe, we unapanda minazi wakati mgeni ana njaa sebuleni?

Na si wachezaji tu, hata heshima. Kuna mchezaji wa zamani hapa anaitwa Roberto Clemente, wa Puerto Rico, alivaa jezi namba 21, alikuwa Mweusi na Mlatino zama ambazo hilo lilikuwa kosa mara mbili. Timu hii ndo ya kwanza kuingiza uwanjani kikosi kizima cha Weusi na Walatino, 1 Septemba 1971, na mwezi uliofuata wakachukua ubingwa. Mwaka uliofuata, usiku wa 31 Desemba 1972, Clemente alipanda ndege kupeleka msaada kwa watu wa Nicaragua waliopigwa na tetemeko, ndege ikaanguka baharini, akafa, miaka 38. Ukuta wa kulia uwanjani una urefu wa futi 21 kwa ajili yake. Sasa mwaka huu msimu unaanza watu wakaona alama yake ya 21 pale ukutani imeondolewa pamewekwa tangazo la pombe. Mwanawe akalalamika, mji ukachafuka, wakairudisha na kuomba radhi. Sawa wamerudisha. Lakini kuna mtu alikaa mezani akaona ile nafasi ni ya kuuza, na mi nikiona hivyo naelewa na mengine yote wanavyoyaamua.

Vijana ndo wananishikilia. Kuna mmoja Konnor Griffin, wamemchukua 2024 katoka tu shule, ana miaka 19. Mwezi wa nane nilibadilishana zamu nikapanda gari na rafiki yangu Mkongo wa Goma mpaka Altoona, saa mbili za njia, kumwona tu akicheza ligi ndogo. Mjomba yule mtoto anakimbia utadhani kamwagiwa upupu! Msimu huu kaiba vituo 65, yaani kukimbilia kituo cha mbele bila mpira kupigwa, na kapiga homurani 21. Mwingine Bubba Chandler, pitcha, yeye wamemweka ligi ndogo mpaka Agosti wakati kila mtu anaona ameshaiva, na sababu mi naijua, mchezaji akichelewa kupandishwa na miaka yake ya kuanza kudai hela inachelewa. Alipopandishwa raundi nne hakuruhusu kitu. Mechi ngapi tungezipata kabla?

Na sasa la kwako. Yupo Mganda. David Matoma, pitcha, Pirates wamemsaini 2023 na yuko anapanda ngazi za ligi ndogo, mpira wake unagusa maili 100 kwa saa, kama kilomita 160. Mtoto wa Uganda mjomba, jirani! Waganda hawa wameanza siku nyingi, 2012 watoto wao walikuja mpaka Kombe la Dunia la watoto hapahapa jimboni Pennsylvania, na Dodgers nao walisaini vijana wawili wa Kiganda. Hata kwetu Dar pale Azania kuna uwanja, Wajapani walisaidia, waulize vijana. Mi nina sababu ya kumshika sana Matoma. Mwaka 2017 mwezi wa nne, bado mgeni hapa sina hata rafiki, niko kantini ya kazini, kwenye tivii naona Pirates wanamwingiza kijana wa Afrika Kusini, Gift Ngoepe, Mwafrika wa kwanza kutoka barani kucheza ligi kuu hii. Mama yake alikuwa anafanya kazi kwenye klabu ya besiboli kule Randburg na wakiishi humohumo kwenye chumba cha klabu. Alisainiwa 2008 na alikuwa kahangaika ligi ndogo miaka mingi. Mara ya kwanza kushika gongo, mbele yake Jon Lester wa Cubs, pitcha mkubwa kweli, na akaupiga ukapita katikati akafika kituo cha kwanza. Nilisimama na sahani mkononi. Yule bibi wa kantini akaniuliza ndugu yako? Nikamwambia ndio.

Mwisho wa mwaka uleule wakamtoa Toronto.

Ndo maana nakesha mjomba. Nataka wamwekee Skenes wapigaji kipindi hiki cha baridi, wamkalishe mezani kabla hajafika 2029, Griffin wasimcheleweshe, na Matoma wamwache akue hapa asije akawa nyongeza ya kubembelezea biashara ya mtu mwingine. Siku wakimpandisha naomba ruhusa kazini hata wanikate mshahara, nitakuwa pale na ile jezi ya Coastal uliyonipa siku naondoka.

Nitumie matokeo ya Jumapili, na uniambie ukweli kama yule beki mpya anafaa, usinifiche. Dawa ya presha usiache, hata ukijisikia mzima.

Mpwa wako