Ampli yangu haikuungua: ombi la kufuta karatasi ya fundi wenu

Lubumbashi, 14 Julai 2025

Kwa Bwana Mkurugenzi wa Duka,
Lubumbashi mjini

Kuhusu: Sauti ya dijitali iliyopotea baada ya mafundi wenu kufunga televisheni, na garanti iliyofutwa bila haki

Bwana Mkurugenzi,

Pokea salamu zangu. Ninakuandikia kwa sababu maneno ya mdomo pale kaunta yameshindwa. Nikija asubuhi, fundi mkuu yuko kwa mteja. Nikija jioni, ameshatoka. Nikipiga simu, inapokewa na mtu mwingine anayetaka nianze kueleza upya tangu mwanzo. Nimechoka kupigwa danadana, na safari hii nakala ya maneno yangu nimebaki nayo.

Televisheni ya inchi 55 niliyonunua kwenu ililetwa nyumbani kwangu, komini ya Kamalondo, na vijana wenu wawili. Waliifunga ukutani vizuri, imenyooka, hakuna ufa kwenye plasta, hilo siwanyimi. Kabla ya siku hiyo hom thieta yangu, yaani ampli na spika zake, ambayo nayo mliniuzia ninyi na garanti yake haijaisha, ilikuwa inatoa sauti kwenye spika zote tano na sabufa. Tangu siku hiyo zinasema spika mbili za mbele tu. Ile ya katikati, ambayo ndiyo hubeba mazungumzo ya filamu, iko kimya. Za nyuma kimya. Sabufa inanung'unika kidogo. Na nikichomeka flashi kwenye televisheni, baadhi ya filamu zinaleta picha peke yake, sauti hakuna hata kwenye hizo spika mbili.

Nililiarifu duka. Fundi wenu akaja, akabonyezabonyeza rimoti ya ampli, akatikisa kichwa, akaibeba kwenda karakana. Nikalipa dola 40 za uchunguzi. Ampli ilirudi na karatasi yenye muhuri wenu, imeandikwa kwa kalamu ya bluu: "Ampli imeungua upande wa dijitali. Umeme mbaya. Garanti hapana." Chini yake bei ya kadi mpya, dola 210. Kwa mdomo fundi akaongeza kwamba haina haja ya kutengenezwa, afadhali nichukue saundiba, ile spika moja ndefu, iliyopangwa pale dirishani kwenu.

Umeme mbaya! Bwana Mkurugenzi, sote tunaishi katika mji huu. Tunaijua delestaji, ule mgao wa umeme, na tunajua umeme unavyorudi kwa kishindo usiku wa manane. Kwa hiyo fundi akisema umeme umeua kitu, nani wa kumbishia? Ndiyo maana ni rahisi sana kuyaandika maneno hayo mawili. Lakini ampli yangu inakula umeme kupitia stabilizateri, kifaa cha kutuliza umeme, na kwenye stabilizateri hiyohiyo ndiko zilikochomekwa televisheni, dekoda na mashine ya DVD. Zote ziko salama. Huo umeme ulizipita nyingine zote ukaichagua ampli, tena ndani ya ampli ukachagua upande wa dijitali peke yake?

Sikuridhika, nikaanza kupima mwenyewe.

Rimoti ya ampli ina kitufe cha majaribio. Ukikibonyeza, ampli inatoa mvumo wake yenyewe, shhhh, unaohama spika moja hadi nyingine: mbele kushoto, katikati, mbele kulia, nyuma kulia, nyuma kushoto, kisha sabufa. Ulizunguka kote bila kuruka hata moja. Maana yake spika ni nzima, nyaya za spika ni nzima, na njia zote sita za kutolea sauti ndani ya ampli zinafanya kazi. Jaribio hilo halimalizi dakika moja na halihitaji kufungua kifuniko. Karatasi yenu haisemi kama lilifanywa.

Ikabaki njia ya kuingizia sauti, nikafuata nyaya nyuma ya kabati. Hapo ndipo nilipoona kazi ya vijana wenu. Nina picha niliyopiga kwa simu zamani, tulipohamisha kabati: waya wa optiki unatoka kwenye dekoda moja kwa moja hadi ampli, na waya wa koaksia, ule wa plagi ya rangi ya chungwa, unatoka kwenye DVD hadi ampli. Televisheni ilikuwa inapokea picha tu. Sasa dekoda na DVD zote zimepelekwa kwenye televisheni kwa HDMI, waya unaobeba picha na sauti pamoja, na ule waya wa optiki umechomolewa kwenye dekoda ukachomekwa kutoka televisheni hadi ampli. Waya wa koaksia haupo kabisa. Walifanya hivyo ili nyaya zisionekane, naelewa, na kweli zimejificha vizuri. Ila walipomaliza walijaribu sauti kwa spika ndogo za televisheni yenyewe, wakaomba sahihi ya mke wangu, wakaenda zao. Mimi nilikuwa kazini.

Pengine wewe si mtu wa nyaya, kwa hiyo niruhusu nieleze. Njia ya optiki ni ya zamani, Toshiba waliileta mwaka 1983. Sauti inasafiri kama mwanga mwekundu. Ukichomoa ncha na kuielekeza kwenye kiganja unaliona doa jekundu. Njia hiyo inabeba ama sauti ghafi ya njia mbili, ile inayoandikwa PCM, ama sauti ya njia sita iliyobanwa kwa mfumo wa Dolby Digital au DTS. Sauti ghafi ya njia mbili tu, kwa kipimo cha kilohezi 48 na biti 16, inakula biti kama milioni 1.5 kwa sekunde. Dolby Digital inazibana njia zote sita ndani ya biti 640,000 kwa sekunde kwa kiwango cha juu kabisa. Kwa hiyo ni lazima sauti ifike kwenye ampli ikiwa bado imefungwa, na ampli ndiyo iifungue. Televisheni nyingi hazifanyi hivyo. Kinachoingia kwa HDMI zinakifungua, zinakichanganya, kisha zinakitoa kwa optiki kikiwa njia mbili. Ni kama wakala wa mizigo pale mpakani Kasumbalesa anayepokea masanduku yako sita, akayafungua yote, akashindilia kila kitu ndani ya mawili, kisha akakuambia mzigo umefika wote. Ampli haiwezi kurudisha masanduku sita kutoka kwa mawili. Inacheza ilichopewa, na kidirisha chake kinasema kweli: PCM.

Basi nikaurudisha waya wa optiki kwenye dekoda. Kwenye mipangilio ya dekoda sauti ya dijitali ilikuwa tayari kwenye Dolby Digital, sikugusa kitu. Nikatafuta chaneli ya mpira inayorusha 5.1, yaani sauti ya spika tano na sabufa. Kidirisha cha ampli kikaandika Dolby Digital, mtangazaji akarudi spika ya katikati, na kelele za mashabiki zikaja kutoka nyuma ya kochi. (Sisi wa Kamalondo tuna anasa yetu katika hili. Timu ya Mazembe ikicheza nyumbani, kelele za goli zinaingia dirishani kutoka uwanjani sekunde kadhaa kabla picha haijashuka kutoka setilaiti. Ila kelele za dirishani sikuzilipia.) Kisha nikaazima waya wa koaksia kwa jirani, nikaunganisha DVD, nikaweka diski yenye DTS. Kidirisha kikaandika DTS, spika zote zikaitika.

Ampli iliyoungua upande wa dijitali haisomi Dolby Digital kwa optiki ikasoma na DTS kwa koaksia. Vijana wengine wa duka lenu waje waangalie, mlango uko wazi.

Kuhusu televisheni, nitakuwa mkweli: haijaharibika. Nilikuta imepangwa kwenye PCM tangu siku ya kufungwa, nikahamishia kwenye Auto. Sasa filamu ya flashi yenye Dolby Digital inapita kwenda ampli na njia zake sita. Kinachotoka HDMI bado kinashushwa kuwa njia mbili, na filamu za DTS bado hazina sauti. Nikafungua kitabu chake, ukurasa wa aina za sauti zinazokubalika: DTS haimo. Imetengenezwa hivyo, na watengenezaji kadhaa wameiacha DTS katika televisheni zao za miaka ya karibuni. Lakini kabla sijatoa hela nilimuuliza muuzaji wenu kama televisheni hii itapitisha 5.1 kwa optiki kutoka dekoda na DVD. Alisema ndiyo, tena nikamwomba aandike. Kwenye risiti, chini ya bei, kuna mwandiko wake: "Inakubali hom thieta 5.1 kwa optiki, vifaa vyote."

Naomba msinijibu kwamba ninunue ampli yenye ARC. Najua kwamba HDMI ina njia hiyo ya kurudisha sauti tangu toleo la 1.4 la mwaka 2009. Ampli yangu haina, na mlioniuzia ni ninyi.

Linaloniuma zaidi ni ile karatasi. Nyaya nimeshazirudisha mwenyewe na sebuleni kwangu sauti ipo. Lakini kwa muhuri wenu, ampli nzima imeandikiwa kifo na garanti yake imefutwa. Kesho ikipata hitilafu ya kweli mtanionyesha karatasi hiyohiyo. Isitoshe, imerudi kutoka karakana ikiwa imepungukiwa skrubu mbili za kifuniko, pembe ya nyuma ina mkwaruzo mpya, na kibandiko cha garanti kilichoziba mshono wa kifuniko kimechanwa katikati. Kilichanwa karakana, na sitakubali kesho kiwe ushahidi dhidi yangu. Nauliza pia: ni ampli ngapi za watu zimeandikiwa "umeme mbaya" kwenu zikiwa nzima, na wenyewe wakaondoka na saundiba?

Sheria ya mikataba ya nchi yetu, ile Dekreti ya tarehe 30 Julai 1888 ambayo mahakama zetu bado zinaitumia, inamtaka muuzaji kudhamini alichouza. Sikuombi fadhila.

Ninachotaka ni hiki. Karatasi ile ifutwe kwa maandishi, na mniandikie nyingine yenye muhuri inayosema ampli ilipimwa ikakutwa nzima na garanti yake inaendelea, pamoja na kibandiko kipya na skrubu zake. Dola 40 za uchunguzi zirudi, maana uchunguzi haukufanyika. Waya wangu wa koaksia urudi, au mniletee mwingine wa omu 75. Wa jirani lazima nimrudishie. Kuhusu televisheni, mna hiari ya mambo mawili: kunibadilishia kwa ile inayofanya kilichoandikwa kwenye risiti, nami nitaongeza tofauti ya bei ikiwa ni ya haki, au kunirudishia sehemu ya hela tukikaa na kuelewana kiasi gani. Mkwaruzo nawasamehe.

Nangoja jibu la maandishi hadi tarehe 31 Julai. Likikosekana, nitapeleka risiti, karatasi ya fundi, picha za nyaya na barua hii kwenye Divisheni ya Uchumi ya mkoa, na ikibidi mahakama ya amani. Namba yangu ya simu iko kwenye risiti. Fundi mkuu akija, aje jioni baada ya saa kumi na moja nikiwa nyumbani, aje na muhuri, na karatasi mpya aiandike palepale baada ya kusikia spika zote kwa masikio yake.

Kwa heshima,

Mteja wenu wa Kamalondo

Viambatisho: nakala ya risiti, nakala ya karatasi ya uchunguzi, picha za nyuma ya kabati kabla na baada, picha za kidirisha cha ampli.