Barua ya wazi kwa binamu yangu: hapo unaposimamisha lori palikuwa na wanamaji

Binamu yangu,

Asalaam aleikum. Nilisoma ulichoandika kwenye kundi la familia, kwamba Vita vya Pili vya Dunia vilikuwa vya Wazungu na huku kwetu vilisikika redioni tu. Sikutaka tubishane mbele ya kina shangazi. Nakujibu hapa, na atakayesoma asome.

Wewe Mackinnon Road huipiti hivi hivi. Unasimama kwenye kaburi la Sayyid Baghali Shah pale kando ya barabara, unatoa sadaka yako, unaomba dua ya safari, ndio unaendelea kupandisha kwenda Voi. Sasa sikiliza. Wakati wa vita, hapo Mackinnon Road palikuwa na kiwanja cha ndege cha wanamaji wa Uingereza. Wanamaji, nasema! Kilomita kama 90 kutoka Kilindini, ndani ya nyika ya Taru, na wakati huo maji ya bomba la Mzima hayakuwepo. Hayo yalikuja miaka ya 1950.

Walifuata nini huko? Walimkimbia Mjapani. Tarehe 5 Aprili 1942, Jumapili ya Pasaka, ndege za Japani zilirushwa kutoka melini zikaipiga Colombo, huko Ceylon (Sri Lanka ya leo), na siku hiyo hiyo zikazamisha manowari mbili kubwa za Waingereza baharini. Siku nne baadaye Wajapani wakaipata Hermes, manowari ya Waingereza ya kubeba ndege, nayo ikazama. Hermes siku hiyo haikuwa na ndege hata moja. Zake zilikuwa zimeachwa nchi kavu. Admirali James Somerville, mkuu wa manowari za Waingereza katika Bahari ya Hindi, akaona Ceylon hapakaliki. Makao ya kundi lake la manowari yakahamia Kilindini, bandari yako hiyo hiyo unayopakia makontena. Hata wataalamu waliokuwa wakivunja siri za mawasiliano ya Wajapani waliletwa Mombasa, wakawekwa shule ya Allidina Visram.

Manowari za kubeba ndege zina shida moja ambayo watu hawaifikirii. Meli ikiwa imetia nanga, ndege zake hazina kazi. Ndege inataka upepo wa mbele ili iruke, na upepo huo unapatikana meli ikiwa mbioni baharini. Kwa hiyo kabla ya kuingia bandarini, ndege zilitangulizwa kutua nchi kavu, zikatengenezwe na marubani waendelee na mazoezi. Bila kiwanja, meli ya aina hiyo ikiwa bandarini ni jahazi kubwa la chuma.

Na ndege zenyewe ungezicheka. Swordfish ilikuwa na mabawa mawili, moja juu ya jingine, mwili wa vyuma uliovikwa kitambaa, watu watatu wamekaa wazi wanapigwa na upepo, na topido moja, bomu la kupita majini, imening'inia tumboni. Mwendo wake haukuzidi sana kilomita 220 kwa saa. Lakini ni ndege hizo zilizoivunja usukani Bismarck, manowari ya Wajerumani, mwaka 1941, usizidharau. Sasa chukua kitu cha kitambaa na vyuma ukiweke kwenye chumvi na unyevu wa Mombasa uone kitakavyokuwa. Mimi nikitazama ramani naona walivyopiga hesabu: nyika ni kavu, reli inapita mlangoni, na adui akitokea baharini ana mwendo wa kutosha kabla hajafika.

Viwanja havikuwa kimoja. Port Reitz, ambako leo unampokea mjomba akitoka Dubai, kilipanuliwa na wahandisi wa jeshi la Afrika Kusini wakati huo huo wa vita na wanamaji wakakitumia. Tanga walikuwa nacho, Nairobi pia. Wana desturi ya kuvipa viwanja vyao majina kama meli, hasa ya ndege wa manyoya. Cha Nairobi wakakiita HMS Korongo (HMS ni kifupi cha "Meli ya Mfalme" kwa Kiingereza). Cha Tanga, sijui nani aliwashauri, wakakiita HMS Kilele.

Unasema vita havikutufika. Mei 1942 Waingereza walivamia Diego Suarez, Madagaska, wakihofia Mjapani asiwatangulie, na baadaye mwaka huo askari wa KAR, jeshi la Waafrika wa huku chini ya Waingereza, walipelekwa kupigana kisiwani humo. Tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilipigwa na nyambizi ya Kijapani karibu na Maldivi. Ilizama kwa dakika chache tu. Walikufa watu 1,297, na wengi wao walikuwa askari wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki. Hao si Wazungu wa redioni.

Kufikia hapo manowari zilikuwa zimeanza kurudi Ceylon, na mwaka huo wa 1944 wanamaji wakafunga virago kwenye viwanja vya huku. Ungedhani Mackinnon Road sasa itaachiwa Waduruma na mbuzi wao. Wapi! Mwaka 1947, Waingereza walipoona Misri inawaponyoka, jeshi likaanza kujenga hapo bohari kubwa mno ya silaha na vifaa. Pesa zikamwagwa, kisha wakaghairi kabla haijapata kazi ya maana. Halafu Aprili 1954 ikaja Operesheni Anvil, msako wa Waingereza wa kuwatafuta Mau Mau. Maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru wakazolewa Nairobi, wakapakiwa kwenye magari na mabehewa, na kambi mbili walizopelekwa wengi ni Manyani na hiyo Mackinnon Road yako. Uwanja uliotengenezwa kwa kumwogopa Mjapani ukaishia kuzungushiwa seng'enge kwa kumwogopa mwenye nchi. Mimi hilo linanikera kuliko habari zote za manowari.

Sasa nina ombi. Wewe unajuana na wazee wa Taru na Samburu, wanakuuzia makaa na mbuzi. Ukisimama kunywa chai, waulize baba zao walifanya kazi gani hapo: nani alifyeka miba, nani alisukuma toroli la kokoto, walilipwa nini, walilala wapi. Wanamaji waliandika namba za vikosi vyao na tarehe za kufika na kuondoka, vibarua hawakuandikwa. Nirekodie kwa simu, hata kama mzee anazungumza Kiduruma kitupu. Mama atanifasiria.

Wasalaam,
binamu yako