Mlitupa saa moja, mkatufuta baada ya dakika tano

Kwa Meneja,
Huduma kwa Wateja,
Nairobi.

Bwana Meneja,

MINT: USAJILI WA SIMU ZETU KUFUTWA KABLA YA WAKATI

Kwa heshima zote. Simu zetu za intaneti hapa Hurlingham huomba usajili wa sekunde 3600, yaani saa moja, ili tuweze kupigiwa. Seva yenu hujibu 200, maana yake "sawa", na kukubali 3600 hizo hizo. Dakika kama tano hivi zikipita, tovuti yenu wenyewe inaonyesha laini haijasajiliwa. Simu itajuaje? Imeamini jibu lenu, inangoja saa ikaribie kwisha ndipo ijisajili upya. Sisi tunaweza kupiga, lakini anayetupigia anaambiwa hatupatikani. Na sisi tunauza mitungi ya oksijeni!

Nilipowaeleza haya, kijana wenu alinijibu, "Mama, labda hamna wateja siku hizi." Kabla ya hapo mlishanituma nibadilishe rauta, nikabadilisha. Mkaniambia nizime simu niwashe. Naam, ikiwashwa inajisajili, kwa dakika zile zile tano.

Kanuni ya SIP, utaratibu unaoendesha simu za intaneti, yaani waraka RFC 3261 wa mwaka 2002, mnaijua kuliko mimi: simu hupendekeza muda, seva huamua. Mkitaka dakika tano, andikeni 300 kwenye jibu na simu itatii. Mkiona muda ulioombwa ni mfupi mno, jibu la 423 la kuukataa lipo. Lakini kuandika saa moja kisha kufuta kimyakimya?

Nalirudia lile neno kwa kuwa halijanitoka moyoni. Usiku ule alikuwa amefika mtu kwa boda, anatafuta mtungi wa mamake, ametupigia tangu jioni bila kutupata. Namwandikia risiti, simu iko kwenye spika, ndipo kijana wenu akasema labda hatuna wateja. Yule bwana alisikia kila neno. Wafanyakazi wangu pia.

Nilikusudia kuomba mrekebishe huo muda na kunirudishia ada ya mwezi huu. Haitoshi. Nataka ada yote tangu mlipohamia seva mpya, na barua ya kuomba radhi yenye sahihi yako wewe, si ya kijana. Ijumaa ikipita bila jibu, rekodi zote za usajili zinakwenda Mamlaka ya Mawasiliano, na wakili wangu atawasomea Kifungu cha 46 cha Katiba, kile cha haki za watumiaji. Malipo yenu ya mwezi ujao nimeshayazuia benki.

Wako,
Mwenye duka, Hurlingham