Msiingie kwenye tathmini ya kazi mikono mitupu

Mhariri,

Vijana wengi walioajiriwa Januari katika maduka, sacco na mashamba ya maua ya Kaunti ya Nakuru wanakaribia kumaliza kipindi cha majaribio. Wengi huingia kwenye tathmini ya kwanza wakitumaini msimamizi anaikumbuka bidii yao. Haikumbuki. Ana watu wengi wa kupima, na lililo wazi kichwani mwake ni kosa la juzi.

Wiki mbili kabla, omba fomu ya tathmini. Isome sambamba na barua yako ya ajira, na chini ya kila jukumu uandike ulichofanya, kwa tarehe na hesabu. "Nilifuatilia madeni kwa bidii" haisemi kitu. Karani aandike hivi: "Januari hadi Machi nilifuatilia ankara 46; 39 zimelipwa, 7 zimekwama kwa sababu hati za kupokelea mzigo hazikutiwa sahihi." Hapo msimamizi anaiona kazi, na anaona pia kwamba tatizo limeanzia kwenye stoo, si mezani pako. Ushahidi uupange kwenye faili moja. Kupekuapekua simu mbele yake kunakula muda wako.

Panapoponza wengi ni pale pa kujipa alama. Kwa kuogopa kuonekana anajisifu, mtu anajipa 3 kati ya 5 kila mahali, na msimamizi mwenye haraka anazipitisha zilivyo. Mwingine anajipa 5 tupu, akiombwa mfano hana. Jipe alama unayoweza kuitetea kwa tukio moja la kweli. Ulipolegea, sema wewe mwenyewe kwanza, na useme unahitaji nini ili urekebishe: mafunzo ya programu ya hesabu, au orodha ya wateja iliyo sahihi.

Ukipewa alama usiyokubaliana nayo, uliza kwa upole imetokana na tukio gani. Tafadhali, usitie sahihi ukaacha nafasi ya maoni ya mfanyakazi wazi. Andika: "Nimeisoma. Sikubaliani na kipengele cha 4 kwa sababu..." Kisha tia sahihi na tarehe, uombe nakala.

Kifungu cha 42 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinasema majaribio yasizidi miezi 6, na kuyarefusha kwa muda mwingine usiozidi miezi 6 kunahitaji ridhaa ya mfanyakazi. Kwa hiyo ukiambiwa "endelea tu, tutaona", omba barua: ama ya kukuthibitisha kazini, ama ya kurefusha majaribio ikiwa na malengo na tarehe.

Waajiri nao, kumpima mtu kwa malengo aliyoyaona siku ya tathmini ni kumdhulumu. Fomu itolewe pamoja na barua ya ajira, na mwisho wa mwezi wa kwanza msimamizi akae na mgeni wake dakika 20 waipitie.

Mshauri wa masuala ya ajira,
Nakuru