Risala ya Chama cha Mazingira kwa Mgeni wa Heshima: Ombi la Basi la Kuwafikisha Watoto Wetu Wote Katika Bustani ya Mama Ngina

Mheshimiwa Mgeni wa Heshima, Mwenyekiti wa Bodi ya Usimamizi, Mwalimu Mkuu, walimu, viongozi wa dini na wa mtaa, wazazi wetu wapendwa, wanafunzi, mabibi na mabwana: Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Hamjambo?

Kwa niaba ya Chama cha Mazingira cha shule hii, wanachama wake, walezi wake na wazazi wanaokitegemeza, nakukaribisha Likoni kwa mikono miwili. Tunafahamu kwamba shughuli zako ni nyingi na kwamba umeamka mapema ukavuka feri ili uwe nasi, na umefika kabla ya saa iliyoandikwa kwenye kadi ya mwaliko. Hiyo ni heshima ambayo si kila mgeni wetu amewahi kutupa, na wazazi walioketi hapa tangu asubuhi wameiona na wameitia moyoni.

Mheshimiwa, historia ya chama chetu si ndefu na hatutakuchosha nayo. Mwezi wa Oktoba 2019, Bustani ya Umma ya Mama Ngina ilifunguliwa katika kisiwa cha Mombasa, upande wa pili wa mkondo wa Kilindini, na tarehe 20 ya mwezi huo sherehe za kitaifa za Siku ya Mashujaa zikafanyika hapo. Watoto wetu walizisikia ngoma na vipaza sauti kutoka huku ng'ambo, na walimu wawili wakaona kwamba haifai shule itazamane na bustani ya namna ile bila kuwa na mpango wa kuitembelea. Hivyo ndivyo chama kilivyozaliwa. Shule zilipofungwa mwaka 2020 kwa sababu ya korona kazi ilisimama, kisha tukaanza upya kwa nguvu mpya, na tangu hapo hatujarudi nyuma.

Mafanikio yetu ni makubwa, na tunayataja kwa fahari. Chama kimeleta mageuzi ya kimazingira yanayoonekana kwa yeyote anayepita langoni: tumepanda miarobaini na mikungu kando ya ua, na kivuli cha mikungu hiyo ndicho unachokikalia sasa hivi. Tumekata mitungi mikuukuu ya plastiki tukaigeuza kuwa mapipa ya taka, kila darasa na lake, na ufuo ulio karibu nasi tunausafisha kila muhula. Tumeanzisha gazeti la ukutani linalosomwa na shule nzima, na sifa za ziara zetu zimevuka mipaka ya shule kiasi kwamba walimu wa shule jirani wamekuja kuomba mfano wa barua yetu ya ruhusa ya wazazi ili nao waige. Kwa shule isiyo na bajeti ya ziara hata shilingi moja, tunaamini kwamba hili ni jambo la kupigiwa mfano katika kaunti nzima.

Mheshimiwa Mgeni wa Heshima, turuhusu tukueleze kwa nini bustani hiyo ina uzito kwetu, maana ombi letu limejengwa juu ya hilo. Ni ekari 26 za ardhi ya umma katika kisiwa ambacho sehemu kubwa ya ufuo wake imezibwa na kuta, maghala na majumba ya watu binafsi. Ilikarabatiwa kwa fedha za umma, kwa gharama iliyotangazwa ya shilingi milioni 460. Ina njia pana zilizosakafiwa, malango yaliyojengwa kwa mtindo wa Kiswahili, mabenchi yanayoelekea baharini, ukumbi wa wazi wa maonyesho, vyoo, na vibanda vya wauzaji wa madafu, mihogo ya kukaanga na achari ya maembe. Mambo haya kwa mtu mzima aliyezoea safari ni ya kawaida. Kwa mtoto ambaye nyumbani kwao ni chumba kimoja na uwanja wake wa michezo ni uchochoro wa kupita bodaboda, nafasi ya kukimbia bila kuambiwa aondoke ni jambo asilolipata mahali pengine popote.

Tena ni darasa ambalo hatuwezi kulijenga sisi. Wanafunzi wetu wameipima mibuyu ya pale kwa kamba, wakashikana mikono kuizunguka, wakajifunza jinsi shina lake linavyohifadhi maji kwa ajili ya kiangazi, na kwa nini wazee wa mji huu waliiheshimu mibuyu hiyo na kufanyia matambiko yao chini yake. Wameziona meli za makontena zikiingia mlango wa bandari karibu kabisa na nchi kavu, zikiongozwa na marubani wa bandari wanaozijua kina na mikondo, na mwalimu wa somo la jamii akawaonyesha kwa kidole kile ambacho kitabuni ni mchoro tu. Wameonyeshwa mahali yalipo magofu ya ngome ndogo ya Mtakatifu Yosefu, waliyoiacha Wareno wakati walipoulinda mlango huo wa bahari, ngome ambayo watu wengi wanaoijua Fort Jesus hawajawahi hata kuisikia. Mwanafunzi aliyerudi kutoka ziara ya kwanza aliandika insha ambayo Mwalimu Mkuu aliisoma mbele ya wazazi, na hatukumfundisha kuandika vile. Alikuwa na kitu cha kuandika.

Lakini, Mheshimiwa, si wote waliokwenda.

Shule hii ina kitengo cha wanafunzi wenye mahitaji maalumu. Wamo watoto wanaotumia viti vya magurudumu, wamo wanaotembea kwa magongo, wamo wasioona. Ni wanachama kamili wa Chama cha Mazingira. Miche unayoiona mlangoni wengi wao ndio walioiotesha na kuimwagilia. Katika ziara zote tulizofanya, watoto wa viti vya magurudumu hawajafika bustani hata mara moja. Wenzao huvuka feri kwa miguu, wakiwa wameshikana mikono, na walimu mbele na nyuma. Mtoto wa kiti cha magurudumu hawezi kuvuka hivyo katika kundi. Mteremko wa kushukia kwenye feri hubadilika kwa maji kujaa na kupwa, na maji yakipwa huwa mkali. Abiria ni maelfu, kila mmoja na haraka yake. Na ukishafika kisiwani unabaki mlima wa kupanda kabla ya kulifikia lango. Tulipowapendekezea wazazi kwamba walimu wawasukume watoto hao, wazazi walikataa, na hatukuwalaumu. Hapa Likoni hakuna mzazi wa makamo asiyekumbuka tarehe 29 Aprili 1994, siku feri ya Mtongwe ilipozama na watu 272 wakapoteza maisha. Ukimwambia mzazi huyo kwamba mwanawe asiyeweza kusimama atavushwa katika umati, usitarajie atie sahihi.

Tulijaribu pia kukodi gari. Wenye matatu walitudai bei ambayo wazazi wetu, ambao wengi ni vibarua wa bandarini, wachuuzi na wavuvi, hawaiwezi. Na hata tulipochanga tukakaribia kufikia, gari lenyewe halikuwa na namna ya kumpandisha mtoto akiwa kitini mwake. Kumbeba mtoto mkubwa mgongoni na kumpitisha kwenye mlango mwembamba mbele ya macho ya wenzake ni kumwondolea heshima yake, na wapo waliotuambia wazi kwamba heri wabaki shuleni. Kifungu cha 54 cha Katiba ya mwaka 2010 kinasema kwamba mtu mwenye ulemavu ana haki ya kuyafikia maeneo yote kwa njia inayofaa, pamoja na vyombo vya usafiri wa umma. Watoto hao wanakijua kifungu hicho kwa sababu sisi wenyewe ndio tuliowafundisha. Siku za ziara hukaa chini ya mkungu wakiwasubiri wenzao warudi wawasimulie, na bustani yenyewe wanaiona ng'ambo kila siku wakienda na kurudi.

Ndiyo maana, Mheshimiwa Mgeni wa Heshima, ombi letu kuu leo ni moja: basi la shule lenye viti 33, likiwa na jukwaa la kuinulia viti vya magurudumu na nafasi ya kuvifunga ndani visiteleze njiani.

Tunajua kwamba ombi hili si geni masikioni mwa viongozi, na ukweli unatutaka tukueleze limepitia wapi. Mgeni wetu wa kwanza kuliombwa alisimama hapo ulipo, akatangaza mbele ya wazazi kwamba basi litafika kabla ya muhula kufungwa. Akina mama walipiga vigelegele, picha zikapigwa, na wazazi kwa furaha yao wakachanga fedha za mabati na milingoti wakajenga kibanda cha kuegeshea. Kibanda hicho kipo, Mheshimiwa. Ukigeuka kushoto utakiona, pale tulipohifadhi miche na madawati yaliyovunjika. Wanafunzi wa gredi za chini, ambao hawakuwapo siku ile, bado wanakiita kibanda cha basi. Mgeni wa pili alitutaka tulete hati za makadirio ya bei kutoka kwa waunda mabasi, nasi tukazileta katika muda tuliopewa. Baadaye tukaambiwa kwamba faili limehamishiwa ofisi nyingine, na ofisi hiyo nyingine ikatuambia kwamba haijalipokea. Makadirio hayo yalipitwa na wakati tukaomba mapya, nayo yakapitwa pia. Mgeni wa tatu alitukabidhi mipira na jezi, tukamshukuru kwa dhati kwa sababu watoto wanazivaa mpaka leo. Ila watoto waliokosa njia ya kwenda bustani hawakuwa wameomba jezi.

Hatusemi haya kwa kukuvunjia heshima, wala hatukubebeshi deni lisilo lako. Tunayasema kwa sababu wazazi wameanza kuuliza, kila wanapoitwa kwenye hafla, kama kuna haja ya kuja tena kusikiliza risala ileile ikijibiwa kwa maneno yaleyale. Mlezi wa chama aliulizwa swali hilo wiki hii na mama mmoja ambaye mwanawe yuko gredi ya mwisho. Mama huyo hataki kujua basi litakuja lini. Anataka kujua kama litakuja mwanawe akiwa bado hapa.

Kwa upande wetu, Mheshimiwa, hatukuja na mkono wa kuomba peke yake. Chama cha Wazazi kimekubaliana kwa maandishi kugharimia mafuta, bima na mshahara wa dereva kwa mchango wa kila muhula, na nakala ya makubaliano hayo imo kwenye bahasha utakayokabidhiwa. Tumeahidiana na shule jirani zenye vitengo kama chetu kwamba nazo zitalitumia basi hilo kwa zamu, ili lisikae bure hata wiki moja. Njia pia tumeifikiria: siku ambazo foleni ya magari kivukoni ni ndefu, basi litazungukia barabara ya Dongo Kundu, ni mbali zaidi, lakini watoto watakuwa wameketi salama. Makadirio mapya ya bei yamo ndani ya bahasha hiyohiyo, pamoja na barua zote tulizowahi kuandika na majibu machache tuliyoyapata, ili ofisi yako isije ikalazimika kulitafuta faili letu mahali pengine.

Tuna ombi jingine dogo. Kabla ya basi kupatikana, tunaomba ushawishi wako ili tupangiwe siku moja ya katikati ya wiki, wakati ambapo msongamano wa kivuko umepungua, tuwavushe watoto wa kitengo kwa gari la kuazima tukiwa na wasaidizi wa kutosha. Siku hiyo tunakualika uwe nasi. Tungependa uwaone wakifika chini ya mibuyu ambayo wameichora kwa miaka bila kuigusa, na utusaidie kukagua njia, vyoo na mabenchi ya bustani pamoja nao, ili kama kuna mahali ambapo kiti cha magurudumu hakipiti, wanaohusika waelezwe na watoto wenyewe.

Mwisho, tunaomba kwa unyenyekevu jambo ambalo hatukuliomba kwa wageni waliokutangulia, na huenda hapo ndipo tulipopungukiwa. Tunaomba jibu kwa maandishi, liwe la kukubali, la kukataa au la kukubali sehemu, kabla ya kufunguliwa kwa muhula ujao. Jibu la kukataa tutalipokea kwa adabu na tutabisha mlango mwingine. Kamati itakutana wiki ya kwanza ya muhula, na barua yako ndiyo itakayokuwa ajenda ya kwanza.

Mheshimiwa Mgeni wa Heshima, ahsante kwa kutusikiliza mpaka mwisho. Sasa namwomba mwanachama wetu wa kitengo, ambaye ndiye mweka hazina wa chama, akukabidhi bahasha.

Naomba kuwasilisha.

Katibu,
Kamati ya Chama cha Mazingira