Barua kwa mwanangu: kabla hujamnunulia Babu printa

Chake Chake, Pemba

Mwanangu,

Asalaam alaykum. Sisi huku wazima, alhamdulillahi, ila mamaako na goti lake lile lile. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili jana usiku, kwamba umepita Darajani huko Unguja ukaona printa ya laki moja na themanini, unataka kuichukua uje nayo kwa Babu yako kule Ole kabla hujaondoka kwenda Maskati. Nimefurahi mno. Katika wajukuu wote wewe ndiye uliyekumbuka kwamba mzee anaandika masomo ya chuo chake cha Kurani kwa mkono, nakala moja moja, na macho yale. Lakini usingizi haukunijia. Kwenye simu unanijibu kabla sijamaliza, kwa hivyo nimeona bora niandike, mdogo wako aipige picha akupelekee.

Hiyo usiinunue. Kwanza nisikilize.

Jambo linaloniweka macho ni moja: ikimgomea, atamwuliza nani? Wewe utakuwa Maskati. Ami yako kutwa yuko baharini. Bibi yako hata rimoti ya televisheni haishiki. Na Babu yako unamjua, hawezi kumwomba mtu jambo mara ya pili. Ataomba mara moja, akijibiwa vibaya au akicheleweshwa atasema "basi, haidhuru", na hiyo mashine itafunikwa kitambaa mpaka tumzike. Yale ya simu unayajua, sina haja ya kuyarudia.

Sasa hesabu. Nimekaa nayo mezani tangu alfajiri. Printa za bei hiyo ni zile za vikopo vidogo vya wino. Kikopo cheusi cha HP namba 123, kile kinachoingia kwenye DeskJet 2130, wenyewe wanakihesabia kurasa 120. Chuoni kwa Babu wako watoto 40. Kila mtoto apewe karatasi tatu tu za juzuu ya Amma, wino umekwisha. Siku moja! Na vile vinavyokuja ndani ya boksi mara nyingi havijazwi kama vya dukani. Baada ya hapo mzee apande gari aje mjini kutafuta kikopo, akute hakipo au akute kimepanda bei, naye anaishi kwa pencheni jamii na karafuu za mashina manane. Kilicho rahisi dukani kwako kitakuwa ghali kwake, na ataona haya kukwambia kwamba zawadi yako inamfilisi.

Utasema basi ninunue ile ya matangi, inayotiwa wino kwa chupa. Nimeifikiria. Epson zenye matangi, chupa nyeusi namba 103 ya mililita 65, wanaihesabia kurasa 4,500, na hilo ni jambo zuri hasa. Ungekuwa unanunulia ofisi ningekwambia chukua na usitazame nyuma. Lakini wino wa maji unataka kutumika. Ukikaa wiki nyingi bila kuchapa, unakauka kwenye vitundu vidogo unamotokea, karatasi zinatoka na mistari mieupe, halafu mtu aingie kwenye menyu ya kusafisha, na kusafisha kwenyewe kunakula wino. Chuo cha Babu hakifanyi kazi mfululizo kama skuli. Ramadhani kinafungwa. Msimu wa karafuu ukiingia, watoto wako mikarafuuni au wako ukumbini wanachambua, na mzee mwenyewe yuko na majamvi yake anaangalia mawingu. Miezi miwili mashine haiguswi. Siku anayorudi kuiwasha, inamtolea karatasi ya mistari. Atamwuliza nani?

Kwa hivyo mimi nimeelemea kwenye leza. Nyeusi tupu, isiyo na rangi. Ile haina maji ndani yake, ina tona, unga. Unga ukikaa miezi miwili ni unga ule ule. Inayeyusha ule unga juu ya karatasi kwa joto, ndiyo maana karatasi inatoka ina moto kama mkate. Brother wanazo, HP wanazo, Canon wanazo. Kwenye Brother tona ni mbali na dramu, ile roli inayoupeleka unga kwenye karatasi, ni mbali, kila moja inabadilishwa kwa wakati wake, mwambie muuzaji akuoneshe zote mbili na akwambie bei ya kila moja. Ukifika dukani bei ya printa iulize mwisho. Anza na bei ya tona, inatoa kurasa ngapi, na kama Chake inapatikana. Hapa mjini nimeshapita duka la vitabu na nitapita tena kesho nijue tona zipi wanaziweka siku zote. Usilipe mpaka nikupigie.

Na leza yenyewe usichukue ile ya kuchapa tu. Hapa ndipo nilipokuwa nataka kufika, na ndiyo sababu ya barua hii yote.

Babu yako hahitaji kompyuta. Hahitaji kuunganisha simu. Anaandika kwa kalamu, Kiswahili chake kwa herufi za Kiarabu, hati ambayo hakuna kompyuta ya Chake itakayomtolea vile. Anachotaka ni kwamba akishaandika karatasi moja, zitoke 40. Hiyo ni kopi, mwanangu. Tafuta yenye kioo juu, unafunua kifuniko, unalaza karatasi, unafunika, unabonyeza, basi. Iwe na kioo, maana zile za kuvuta karatasi kwa juu peke yake hazipokei kitabu, na yeye atataka kulaza msahafu au kitabu cha uradi. Iwe na namba, aweke 40 mara moja asisimame kubonyeza mara 40 na mgongo ule. Na iwe inakuza. Ukurasa wa A5 ukiukuza kwa asilimia 141 unajaa A4, na wale wazee wenzake wa msikitini ambao hawaoni tena maandishi madogo ya uradi watasoma kila mmoja na karatasi yake. Hilo peke yake litamfurahisha kuliko mambo yote mengine ya mashine hiyo.

Ziko ambazo hazianzi kazi mpaka uzifungulie akaunti, upakue programu, uwe na intaneti. Hizo ziache hata ukipewa bure. Kule Ole bando likiisha limeisha. Simama dukani, mwambie muuzaji: iwashe hapa, bila simu, bila kompyuta, nitolee kopi ya kitambulisho changu. Akishindwa, toka.

Bibi yako ametaka picha za vitukuu za rangi, najua, na najua umeshamwahidi. Picha kumi kwa mwaka tutaziprinti studio hapa mjini, nitazipeleka mwenyewe. Kwa ajili ya picha kumi tusimpe mzee vikopo vinne vya kuhangaika navyo.

Kuna jambo moja huenda hukulifikiria, na mimi limenijia nikiwa juu ya msala baada ya sala ya alfajiri. Karatasi zake zina aya. Mashine ikitafuna karatasi yenye aya, hawezi kuikunja akaitupa. Ataikusanya moja moja, aichome au aizike penye usafi, na kila ikitafuna nyengine itamuumiza. Kwa hivyo suala la karatasi kukwama kwake ni zito kuliko kwa mtu wa ofisi. Na karatasi hukwama kwa unyevu. Masika ya Pemba unayajua, rimu ukiifungua ukaiacha juu ya meza, baada ya siku tatu karatasi zimelegea na kushikana. Nitampelekea ndoo ya plastiki yenye kifuniko. Rimu iishi humo, atoe zile za kazi ya siku tu, na zikibaki azirudishe. Usimnunulie karatasi nyepesi za rahisi, chukua za gramu 80.

Umeme. Tangu waya wa chini ya bahari ulipotufikia kutoka Tanga mwaka 2010 si kama enzi ya majenereta, lakini kukatika unakatika, na ukirudi unarudi kwa kishindo. Leza ikianza kupasha ile sehemu ya kuyeyushia unga inavuta mamia ya wati kwa mara moja. Kwa hivyo isichomekwe kwenye ekstensheni moja na friji ya Bibi, wala kwenye ile sola ya Ami yako, itaizima. Nitamleta fundi aweke soketi ya peke yake ukumbini. Hilo niachie mimi, nilikuwa niliweke tangu mwaka juzi.

Kitambaa. Bibi atakifuma, huwezi kumzuia, na afadhali kiwepo kwa sababu ya vumbi na mijusi. Lakini mwambie wewe, kwa upole, asiifunike ikiwa bado ina moto. Mimi nikimwambia ataona namkosoa.

Sasa la maandishi. Vitufe vyote vina Kiingereza. Hati yako ya Kiarabu ni nzuri, Babu mwenyewe anasema katika wajukuu zake ni wewe tu, sitaki nikuvimbishe kichwa lakini ni kweli. Kaa uandike kwa wino mweusi mzito, herufi kubwa, vibandiko vitatu: kuwasha, kuongeza namba, kutoa kopi. Vitatu tu. Vyengine vibandike karatasi nyeupe asivione. Na ukifika usimwoneshe kwa mkono wako. Mkono wako uweke nyuma, yeye abonyeze. Akikosea mwache akosee mpaka aipate. Atoe kopi tano mwenyewe, alale, asubuhi atoe nyengine tano wewe ukiwa jikoni. Hiyo inataka ulale Ole angalau siku mbili. Umeniambia utalala usiku mmoja, hautoshi. Mara ya mwisho kulala Ole ilikuwa lini? Unatuma pesa, sikatai, na kila mwezi zinafika, Mungu akubariki. Lakini mzee hajifunzi kwa pesa.

Nami nisikuseme sana. Ole ni gari moja tu ya Konde kutoka hapa, na ziko wiki tatu zinapita. Siku ile aliyotaka kuuliza mambo ya simu yake alinipigia mara tatu. Mbili nilimjibu, na nilivyomjibu unajua. Ya tatu niliiona ikilia nikaiacha, nilikuwa na wageni. Hajaniuliza tena jambo lolote la simu mpaka leo, akitaka kunipigia anampelekea mtoto wa jirani. Kwa hivyo nikikuuliza atamwuliza nani, usidhani nakuuliza wewe peke yako. Andika namba yangu juu ya hiyo mashine, kwa herufi kubwa kuliko zote. Mwambie Baba amesema apigiwe, usiku au mchana.

Ukishanunua, boksi usilifungue Unguja. Libebe wima kwenye boti, likae mbele ya macho yako, usimwachie mpagazi alitupe Mkoani. Tukifika Ole tutafungua pamoja. Ndani kuna vipande vya utepe na plastiki vilivyoishika tona, vitolewe vyote kabla ya kuwashwa.

Kama pesa hazitoshi kwa leza yenye kopi, sema. Karafuu tulizoanika wiki iliyopita zimekauka vizuri, mvua haikuzigusa, na makonyo nayo yamejaa gunia. Nitauza niongeze. Usikope, na usipunguze zile za safari yako, huko unakokwenda mwezi wa kwanza hutajua mshahara unaingia siku gani.

Mamaako anauliza kama umeshatoa kopi za pasi na mkataba wa kazi. Toa tatu, moja uniachie mimi. Anauliza pia ule mkoba mkubwa zipu yake imetengenezwa au bado, na kama utataka halua ya Wete kilo mbili au tatu, maana wa kuagizwa anakwenda Alhamisi. Mdogo wako amefeli hesabu tena, nitazungumza naye, wewe usimgombeze kwenye simu. Mbuzi mweusi amezaa wawili. Bati la jikoni linavuja pale pale, nitalibadilisha kabla hujafika.

Lete na mafuta ya goti ya mamaako, yale ya kopo la kijani, ya hapa hayamsaidii. Nipigie boti ikikaribia Mkoani, nitakuwa bandarini na gari ya jirani.

Babaako