Kituo cha kura kimfuate raia aliko

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo aghalabu hukumbukwa wiki mbili kabla ya uchaguzi mkuu, wakati ambapo hakuna tena linaloweza kufanyika: kura ya Mkenya ambaye siku hiyo hayuko nyumbani kwake, kwa sababu amefungwa, ametumwa vitani au yuko ng'ambo akitafuta riziki. Uchaguzi ujao ni tarehe 10 Agosti 2027, na naandika mapema kwa makusudi.

Mnamo tarehe 9 Agosti 2022 nilikuwa karani wa uchaguzi katika kituo kilichowekwa ndani ya gereza moja hapa Pwani. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi na nilikuwa nimeifanya kazi hiyo hapo awali, ila sikuwa nimewahi kuona kituo chenye sanduku moja. Katika kituo cha kawaida huwa yako sita, kila moja na rangi ya kifuniko chake. Pale palikuwa na lenye kifuniko cheupe peke yake, yaani la Rais. Wapiga kura waliingia kwa foleni wakiwa na sare zao za milia, wakaweka kidole kwenye mashine ya KIEMS inayomtambua mpiga kura, wakapewa karatasi moja, wakaenda kibandani na kurudi kupakwa wino. Mmoja wao, mtu wa makamo, alipoipokea karatasi aliigeuza nyuma na mbele kana kwamba nyingine zimegandamana nayo, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Bwana karani, na ya gavana?" Nikamweleza kwamba aliye gerezani humchagua Rais tu. Aliitikia kwa kichwa, akaenda kupiga kura yake, na alipopakwa wino alibaki akikitazama kidole kile hadi askari alipomwita.

Swali lake nimekaa nalo miaka yote hii, na sikusudii kudai kwamba halina jibu. Wafungwa wa gereza moja wanaweza kuwa mamia, nao wametoka kaunti mbalimbali. Wakipewa karatasi za wadi ile ambamo gereza limejengwa, watawachagulia wanakijiji mwakilishi ambaye wao wenyewe hawatamwona. Hilo nalielewa. Ila mtu yule alikuwa na wadi yake, watoto wake wanasoma huko, na familia yake inachaguliwa gavana wa kusimamia zahanati ya kwao, yeye akiwa hana kauli. Hajawahi kutokea mtu akatueleza kwa nini karatasi ya nyumbani kwake haiwezi kumfikia alipo.

Wasomaji wa Mombasa watakumbuka kwamba haki hii haikuja kwa hisani. Mwaka 2010 Katiba ya zamani ilikuwa ikimzuia aliye kizuizini asipige kura, na ni kesi iliyowasilishwa kwa niaba ya wafungwa wa gereza la Shimo la Tewa, kwa msaada wa shirika la Kituo cha Sheria, iliyowafungulia mlango wa kushiriki kura ya maamuzi ya tarehe 4 Agosti mwaka huo. Wafungwa walishiriki kuipitisha Katiba mpya, na Katiba hiyo haikuwafungia nje: Kifungu cha 83 kinapotaja wasiostahili kuandikishwa, kinamtaja aliyetangazwa kuwa hana akili timamu na aliyepatikana na hatia ya kosa la uchaguzi katika miaka 5 iliyotangulia. Mwizi wa ng'ombe hakutajwa. Hata hivyo, ilibidi wasubiri hadi 2017 ndipo wapige kura katika uchaguzi mkuu.

Waliosajiliwa magerezani mwaka huo walikuwa 5,528, na mwaka 2022 wakafika 7,483, ilhali magereza yetu yanahifadhi watu zaidi ya 50,000. Wapo wanaodhani kwamba waliosalia hawakutaka. Nilipozungumza na maafisa wa gereza lile siku ya maandalizi, jambo walilolirudia ni kitambulisho. Mtu hukamatwa usiku akiwa na fulana na suruali; kitambulisho kimebaki chini ya godoro la chumba cha kupanga, na mwenye nyumba amekwisha kumpangisha mwingine. Pasipo kitambulisho cha taifa au pasipoti, Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka haiwezi kumwandikisha, na akiwa ndani hana namna ya kwenda kuomba kingine. Dawa yake haihitaji sheria mpya: maafisa wa usajili wa watu waingie magerezani miezi kadhaa kabla ya maafisa wa Tume.

Mahabusu ndio wanaoniuma zaidi, maana hao sheria bado inawahesabu kuwa hawana hatia. Chukua kijana aliyejiandikisha kupiga kura katika shule ya kijijini kwao, akakamatwa mwezi Juni, akapewa dhamana ambayo nduguze hawawezi kuilipa. Daftari limekwisha kufungwa, hawezi kuhamisha jina lake. Sanduku la kura litaletwa mita 50 kutoka kwenye seli yake, na yeye hataruhusiwa kuligusa kwa kuwa jina lake liko kwingine. Mwezi Oktoba huenda hakimu akamwachilia huru kabisa, na hakuna hakimu awezaye kumrudishia kura yake.

Askari wetu wana tatizo hilo hilo kwa sura nyingine. Tangu Oktoba 2011 Jeshi la Ulinzi la Kenya limekuwa na wanajeshi Somalia, na chaguzi tatu kuu zimefanyika wakiwa huko. Jirani yangu ana mtoto aliyekuwa zamu katika kambi ya Dhobley mwaka 2022, ilhali jina lake liko katika daftari la shule moja ya Kwale, kama kilomita 500 kutoka alipokuwa. Kanuni za uchaguzi za mwaka 2012 zinaipa Tume uwezo wa kuandaa upigaji kura maalum kwa wagonjwa waliolazwa, wafugaji wanaohamahama na walinda usalama walio kazini siku ya uchaguzi, kwa hiyo kisingizio cha kukosa sheria hakipo. Wamarekani wana sheria ya mwaka 2009 inayotaka karatasi za kura zitumwe siku 45 kabla ya uchaguzi kwa wanajeshi na raia walio ng'ambo walioziomba. Sisemi tuige posta yao. Nasema walianza kwa kuhesabu siku ambazo karatasi inahitaji kusafiri ili imfikie askari alipo na kurudi, wakaifanya hesabu hiyo kuwa sheria.

Nije kwa walio ng'ambo, na hapa sina budi kukiri kwamba suala hili liko nyumbani kwangu. Dada yangu mdogo ni mfanyakazi wa nyumbani Dammam, Saudi Arabia. Mwaka 2013 Wakenya walioruhusiwa kupiga kura nje walikuwa wale wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, watu 2,637. Mwaka 2017 Afrika Kusini ikaongezwa, wakawa 4,393. Mwaka 2022 nchi zikafika 12, na waliosajiliwa 10,443 kati ya wapiga kura 22,120,458. Katika nchi hizo 12, za Ghuba zilikuwa Qatar na Umoja wa Falme za Kiarabu. Saudi Arabia haikuwemo, ingawa tuna ubalozi Riyadh na ingawa kila ndege inayoondoka kwenda huko imebeba mabinti wa Likoni, Kisauni na Malindi. Oman nayo haikuwemo.

Najua jibu rasmi. Kifungu cha 82 cha Katiba kinazungumzia kutimiza haki ya walio nje hatua kwa hatua, na Mahakama ya Juu ilikubali mwaka 2015 kwamba Tume haiwezi kufika kila mahali kwa mara moja. Sawa, lakini hatua ina mwelekeo, na yafaa tuambiwe inaelekezwa na nini. Fedha zilizotumwa nyumbani na Wakenya walio nje mwaka 2024 zilikaribia dola bilioni 5. Serikali inajua kila senti imetoka nchi gani, na inashindwaje kujua wapiga kura wake wako wapi? Afrika Kusini huwapigisha raia wake kura katika balozi zake siku kadhaa kabla ya uchaguzi wa nyumbani, jambo linalompa nafuu mfanyakazi asiyepewa ruhusa siku ya kazi. Kwa mtu kama dada yangu, ambaye pasipoti yake huwekwa na mwajiri na siku yake ya mapumziko ni moja kwa wiki, Jumanne ya Agosti ni sawa na kumwambia asije.

Nimewasikia baadhi ya wenzangu wakisema kwamba kura hizi ni chache na hazigeuzi lolote. Tofauti ya wagombea wawili wa kwanza wa urais mwaka 2022 ilikuwa kura 233,211, na yeyote anayedhani Wakenya walio Ghuba, kambini na magerezani hawawezi kufikia idadi kama hiyo na ahesabu tena. Lakini hata wangekuwa kumi, Kifungu cha 83(3) kinaagiza kwamba taratibu za kuandikisha wapiga kura na kuendesha uchaguzi ziandaliwe kwa namna itakayomrahisishia raia anayestahili kupiga kura, wala zisimnyime. Askari alipelekwa Dhobley kwa amri ya Serikali, na mahabusu alifungiwa kwa amri ya Serikali hiyo hiyo. Iliyoweza kumpeleka mtu huko kwa lori haishindwi kumpelekea karatasi.

Naiomba Tume itangaze mwaka mzima kabla ya uchaguzi orodha ya nchi, kambi na magereza yatakayokuwa na vituo, ieleze sababu ya kila kilichoachwa, na iruhusu mahabusu na askari kuhamisha majina yao hadi siku za mwisho ambazo mashine zake zinaweza kuhimili. Dada yangu ameniuliza mara mbili kama Riyadh itakuwemo, kwa kuwa lazima aanze mapema kumsihi mwajiri wake amwachie pasipoti. Mkataba wake unakwisha Novemba 2027, miezi mitatu baada ya uchaguzi.

Mwalimu wa shule ya msingi,
Likoni, Mombasa